Tulijue Jiwe Jeupe

Mwananchi wa Bisibo, au wa kijiji chochote cha Biharamulo na Ngara, hakosi kulikanyaga jiwe jeupe, gumu, lenye mng'ao kama wa kioo. Ndugu zetu wa visiwa vya Ziwa Viktoria nao hulikanyaga, kwani mchanga mweupe wa ufukweni aghalabu ni chembechembe za jiwe hilo hilo. Wataalamu huliita kwatzi.

Kulitambua si kazi ngumu. Kisu hakilikwaruzi, bali lenyewe hukwaruza kioo. Likivunjwa halipasuki kwa tabaka, bali humeguka kwa mikunjo kama kigae cha chupa. Hapo ndipo walaghai wanapopata mwanya: hukwaruza kioo mbele ya mnunuzi na kudai kwamba wameshika almasi. Ni hadaa tupu. Kwa kipimo cha ugumu, kwatzi ni 7 na almasi ni 10. Almasi hulikwaruza kwatzi. Kwatzi haliwezi kuikwaruza almasi.

Ni kweli kwamba dhahabu hukaa ndani ya mishipa ya kwatzi. Ndivyo ilivyo Tulawaka, wilayani Biharamulo, ambako mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 ukachukuliwa na shirika letu la umma, STAMICO. Lakini mishipa mingi ya kwatzi haina dhahabu hata chembe. Kwa hiyo, anayeuza shamba au ng'ombe ili anunue shimo kwa sababu tu ameona jiwe jeupe, anacheza kamari na riziki ya wanawe.

Liko jambo zito zaidi. Jiwe hili likisagwa kavu hutoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo huganda mapafuni, huleta maradhi ya silikosisi yasiyo na tiba ya kuyaponya, na humfungulia mlango kifua kikuu. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walilitaja kuwa chanzo cha saratani ya mapafu. Kinga ya kwanza ni maji: jiwe lilowanishwe kabla ya kupondwa, na watoto wasikaribie penye karasha.

Tunawakumbusha viongozi kwamba leseni na ushuru peke yake havitoshi. Maafisa madini wafike vijijini na visiwani, wafundishe vipimo hivi hadharani, na wakague vumbi kama wanavyokagua stakabadhi. Wahenga walisema: mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Basi na tuerevuke.