Shandelia Sebuleni, Mama Anapapasa Gizani: Siku Hizi Taa Ni ya Nyumba au ya Kamera?

Kuna kaka mmoja, jina kapuni, mtoto wa Bumbire, kile kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Muleba, Kagera. Mambo yake Dar yamekaa poa na mtandaoni ana watu wake wa kutosha. Juzi kati kamjengea mama yake nyumba kisiwani: bati la kisasa, vigae, dari la jipsamu, na katikati ya sebule kaning'iniza shandelia, lile taa kubwa la vioo, balbu 12. Video ikaruka, watu wakamwaga makopakopa na dua za maisha marefu. Hapo hakuna ubaya. Kumjengea mzazi ni baraka.

Ila kuna kitu kamera haikuonesha. Jiko liko nje, kama nyumba nyingi za huko. Choo kiko nje, nyuma ya migomba. Kote huko hakuna hata taa moja. Umeme wenyewe ni wa sola. Wanaojua wanasema shandelia ikiwashwa wageni wakija, haipiti muda betri imekata, na mama anaenda chooni kashika simu mkono mmoja, mkono mwingine anapapasa ukuta. Jirani alipomsifia lile taa, alijibu kwa kifupi: "Lile ni la wageni."

Hilo jibu lingetosha kumfanya kijana yeyote akae chini afikirie. Taa kazi yake ya kwanza ni mtu aone anapokanyaga. Urembo unakuja baada ya hapo, na unakuja vizuri tu.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo mapenzi ya picha yanapoumbuka. Shandelia ya balbu 12 za kizamani, zile za waya zinazopata moto, kila moja wati 40, inakula wati 480. Betri ya sola ya volti 12 na amp 100 ina wati-saa 1,200, na kama ni ya asidi hutakiwi kuimaliza zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Zinabaki 600. Ukigawa, ni saa moja na robo, na hapo hujahesabu kinachopotelea kwenye inverta. Taarifa ya habari haijaisha, nyumba imeshaingia gizani.

Walioko Bukoba mjini wenye LUKU wasicheke sana. Taa hiyo hiyo ikiwaka saa 5 kila usiku inakula unit 2.4, yaani unit 72 kwa mwezi. Mteja mdogo wa D1 anapata bei nafuu mpaka unit 75 tu, akizidi bei inaruka. Kwa hiyo taa moja imemaliza karibu mgawo wote. Pasi, friji na TV vitajijua.

Na uzuri ni kwamba dawa yake ni rahisi. Toa balbu zile 12, weka za LED za wati 4 zenye kitako kile kile. Shandelia inabaki ile ile, inang'aa vile vile, lakini sasa inakula wati 48. Betri ile ile inakupa zaidi ya saa 10. Kinachobaki kinatosha taa ya wati 5 jikoni, nyingine chooni na nyingine mlangoni. Staili haijapotea na mama anaona njia. Tofauti nzima ni mtu kuuliza swali moja dukani kabla ya kulipa.

Cha kushangaza, hili linatokea Bumbire, mahali ambapo watu wanaijua taa kuliko hata wauzaji wa Kariakoo. Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa ikitoka, ziwa linageuka mji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wamehamia LED za betri. Mwezi ukiwa mkubwa kazi inalala, kwa sababu taa haishindani na mwezi. Mvuvi hanunui taa kwa sababu inapendeza. Anauliza: itavuta dagaa? Itafika alfajiri? Itahimili upepo na maji? Akishajibiwa ndiyo anaangalia bei. Mtoto wa mvuvi akifika mjini anayasahau yote hayo, anauliza kitu kimoja tu: "Itatoka fresh kwenye picha?"

Hata senene wana somo. Msimu wao ukifika, hasa Novemba na Desemba, Bukoba watu wanasimamisha mabati na kuwasha mataa makali meupe. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza mpaka kwenye pipa. Sasa kuna watu wanafunga taa kali nyeupe barazani mwaka mzima halafu wanashangaa wadudu wanawala wao. Ndugu, umejitegea mwenyewe! Kando ya ziwa wadudu ni wengi, kwa hiyo nje weka mwanga wa manjano, hauvuti wadudu kama ule mweupe. Kwenye boksi angalia namba yenye K. Ya 2700K au 3000K ni manjano, ya kupumzikia na ya nje. Ya 6500K ni nyeupe ya kufanyia kazi, jikoni au kwenye meza ya mtoto anayesoma. Na zile taa za mkanda zinazobadilika rangi? Nzuri kwa video, lakini mtoto wa darasa la saba hawezi kusoma hesabu kwenye mwanga wa zambarau.

Halafu kuna la usalama, ambalo watu wa Kagera hawahitaji kuhadithiwa. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika, nyumba zikaanguka Bukoba na jirani, watu wakapoteza maisha. Mkoa wenye kumbukumbu hiyo, mtu ananing'iniza kilo kadhaa za vioo kwenye ubao wa jipsamu, chini yake kochi la wageni! Kama lazima liwepo, fundi alifunge kwenye mbao ya kenchi, siyo kwenye jipsamu. Na lisikae juu ya kichwa cha mtu.

Wapo watakaosema, "Mwacheni kaka wa watu, hela yake." Sawa, hela yake. Wengine watasema maskini hapangiwi kupenda vitu vizuri, na hao wana hoja. Mama aliyekaa miaka mingi na koroboi, moshi puani, masizi ukutani, ana haki ya kuwa na kitu cha kumfanya atabasamu akiingia sebuleni kwake. Moshi ule siyo wa mchezo. Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linashauri watu waachane na mafuta ya taa majumbani. Lakini kama umeamua kumtoa mama kwenye koroboi, mtoe kabisa. Usimpe sebule ya staa halafu jikoni, anakoshinda jioni nzima, akabaki na koroboi lake lile lile.

Kwa hiyo wanaojenga, wanaohamia geto jipya na wanaowajengea wazazi, anzeni kununua taa kwa kufuata miguu. Mtu anakanyaga wapi usiku? Mlangoni, njia ya choo, ngazi, jikoni. Hizo kwanza. Kisha anaposoma mtoto. Kisha chumbani, mwanga mpole. Ikibaki hela, mwageni urembo sebuleni mpaka majirani waje kupiga selfi.

Na yule kaka, kama anasoma hapa, balbu tatu za LED hazimfilisi. Apige simu Bumbire leo, amuulize mama anataka taa wapi. Halafu anyamaze asikilize.

Wadau, kwenu taa ya kwanza ilifungwa wapi, sebuleni au jikoni? Tiririkeni hapo chini, bila matusi.