STAA, KAMA TUKUYU ULILALA BURE TUAMBIE!

Leo hatupakani mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna dada mmoja hapa mjini, jina kapuni, wafuasi anao mpaka basi. Juzi kati katujazia picha za Tukuyu: nyumba nzuri ya mbao, migomba nyuma, mashamba ya chai kwa mbali, yeye kakaa barazani na kikombe chake. Chini kaweka namba ya simu, "mkitaka kula bata kama mimi pigeni hapa". Basi. Kama alilipa au alikaribishwa bure, kimya.

Wadada wawili wasomaji wangu wakapiga. Wakaambiwa nafasi zinaisha, tumeni advansi laki na nusu. Wakatuma. Namba haipatikani mpaka leo. Walipomfuata staa inboksi akawajibu maneno manne: "Mimi sio mwenye nyumba." Kwenye stori akaongeza, "nilishea tu, watu mjiongeze."

Eti nilishea tu! Dada, ukilala bure ili upige picha, hiyo sio kushea, hiyo ni kazi na umelipwa kwa kitanda. Watu hawakuiamini ile namba, walikuamini WEWE. Ungesema "nimekaribishwa, sijalipa, na hii namba sijaihakiki", wale wangefikiria mara mbili. Sifa unataka, lawama hutaki. Haiwezekani.

Na chawa wake wanaokomenti "wamekoma, tamaa mbaya", hebu tulieni. Laki na nusu kwa dada anayeuza mitumba ni mtaji wa wiki nzima. Kutaka kupumzika siku mbili sio tamaa. Mwizi ni mwizi, aliyeibiwa sio mwenzake.

Tena posti yenyewe ilijaa uongo ambao mtu wa kule angeucheka. Eti nyumba "inatazama Ziwa Ngosi". Ngosi iko ndani ya kreta, unaacha gari unapanda msitu kwa miguu ndio unaliona maji kule chini. Baraza gani hiyo inayotazama ndani ya shimo? Eti "ufukwe wa Tukuyu". Tukuyu iko milimani wadau! Ufukwe wa Matema uko Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela, unashuka mwendo mrefu. Mtu anayechanganya Rungwe na Kyela anakuelekeza wewe ukalale wapi?

Sasa kwa vile mastaa hawatuambii, tuambiane wenyewe. Kabla hujatuma hata buku:

Moja, omba simu ya video mwenye nyumba akiwa pale pale. Akuoneshe mlango, kitasa, bafu, na barabara ya nje. Picha zinaibiwa, ila mtu anayetembea ndani ya nyumba huku anaongea na wewe ni ngumu kumfoji. Akisema kamera imeharibika, na wewe sema hela imeharibika.

Mbili, uliza maswali ya Tukuyu, sio ya Masaki. Kule mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa 6 na wa 7 baridi linauma kweli. Kwa hiyo: maji ya moto yapo? Mablanketi mangapi? Kutoka lami mpaka mlangoni ni udongo? Mvua ikinyesha bajaji inafika au natembea na begi kichwani? Mwenyeji wa kweli anajibu hapo hapo, tapeli anakwambia "usijali mpendwa".

Tatu, usafiri. Ukishuka uwanja wa Songwe hujafika. Songwe iko upande mwingine wa jiji la Mbeya, unapita mjini, unakuja Uyole, ndio unaanza kupanda Tukuyu. Aliyekuandikia "dakika 20 kutoka uwanja wa ndege" hajawahi kufika.

Nne, hela. Ukiingiza namba kwenye simu, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri. LISOME. Likija jina la mtu mwingine ukaambiwa "ya mdogo wangu hiyo", simama hapo hapo. Kama umeipata nyumba Airbnb, lipa humo humo, maana mwenye nyumba analipwa kama saa 24 baada ya muda wa wewe kuingia. Akikushawishi mlipane pembeni akupunguzie, anakutoa kwenye ulinzi wako. Na akikutajia bei ya dola, mkumbushe kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei za hapa nchini ziwe kwa shilingi.

Tano, ukishapigwa usifute meseji kwa aibu. Tunza kila kitu, nenda polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na namba ya tapeli iripoti kwa 15040.

Kinachoniuma zaidi, Tukuyu kuna mama zetu waaminifu wenye vyumba visafi, wanakupokea kwa "ugonile", asubuhi ndizi na chai ya pale pale. Hawana wafuasi wala hela ya kumlipa staa. Tapeli mmoja akipewa jukwaa, wao ndio wanaokosa wageni, maana kila mtu anasema "Tukuyu wanapiga watu". Tukuyu haijampiga mtu. Namba iliyowekwa na staa wa Dar ndiyo iliyopiga.

Kwa hiyo dada, kazi yako ni ndogo sana. Futa ile posti, sema kama ulilala bure, na hao wadada wawili wape kila unachojua kuhusu hiyo namba wakapeleke polisi. Ukifanya hivyo nitakusifia hapa hapa bila kinyongo. Usipofanya, wadau tujue tunamfuata mtu wa aina gani.

Haya, nani kashalala Tukuyu na akapata alichoahidiwa? Tuambie hapo chini, na bei uliyolipa utaje.