Kulea si Kuumba



Methali yasema, "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo." Ni kweli, lakini wako wazazi waitumiao vibaya. Hudhani watoto ni udongo, na wao ni wafinyanzi, wawafinyange wote kwa mfano mmoja. Kumbe mfinyanzi ni Mungu. Kazi yetu ni kulea, wala si kuumba.

Itazameni nyumba yenye watoto watatu. Wa kwanza ni msemaji. Wa pili ni mkimya, akitumwa huenda na kurudi bila neno. Wa tatu ana haraka, hawezi kutulia. Mama ni mmoja, na chungu ni kimoja. Hata hivyo twasikia kila siku: "Mbona huwi kama dada yako?" Neno hilo hutoka kinywani upesi, lakini hukaa moyoni mwa mtoto miaka mingi. Mkimya huanza kuamini kwamba yeye ni mjinga, na yule anayesifiwa hujifunza kiburi.

Sisi wa Uluguru tulikwisha kufundishwa jambo hili na milima yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi ili kuhifadhi ardhi. Upande wa Mgeta, penye baridi, matuta yaliifaa mboga, na hata leo kabichi na karoti za huko hushuka mpaka sokoni Morogoro. Lakini upande wa Matombo udongo wenye rutuba ni mwembamba. Jembe likizama sana hufukua udongo usiozaa. Wakulima walilalamika, wasisikilizwe. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akauawa. Baadaye amri ya matuta ikaachwa. Safu ya milima ni moja, lakini kila mteremko una zao lake. Na watoto ni vivyo hivyo.

Labda mtu atauliza: "Basi mwenye hasira aachwe na hasira yake?" Hasha! Mtakatifu Paulo alikuwa mtu mkali. Barnaba alikuwa mpole, hata Mitume wakampa jina hilo, maana yake mwana wa faraja. Matendo ya Mitume yatusimulia jinsi walivyogombana kwa ajili ya Marko, kijana aliyewaacha safarini. Paulo hakumtaka tena. Barnaba akamchukua, wakaenda Kipro. Baadaye Paulo, akiwa kifungoni, aliagiza Marko aletwe kwake, kwa kuwa anamfaa. Na mapokeo ya Kanisa yasema Marko huyo ndiye aliyeandika Injili ya pili. Je, kama Barnaba naye angalikuwa mkali, kijana yule angalipokewa na nani?

Neema haikumgeuza Paulo kuwa Barnaba. Ule ukali uliowatesa Wakristo ulitakaswa, ukawa ushujaa wa kuhubiri. Basi baba ampigaye mkewe asiseme, "Ndivyo nilivyoumbwa." Hiyo si karama, ni dhambi. Wala mvivu asijifiche nyuma ya upole.

Fanyeni hivi. Mkimya mpeni kazi ya uangalifu, kama kutunza kitalu cha miche. Msemaji asome somo katika jumuiya, tena ajifunze kusikiliza wenzake. Mwenye haraka mpeni jembe, na msimwache mpaka amalize tuta alilolianza. Mkitaka kumlinganisha mtoto, mlinganisheni na jinsi alivyokuwa mwaka jana, si na nduguye.

Katika kitabu cha ubatizo sisi makarani hatuandiki watoto wawili mahali pamoja, hata wakiwa mapacha. Kila mmoja ana namba yake na nafasi yake. Leo jioni, mkimaliza Rozari, mshukuruni Mungu kwa ajili ya kila mtoto kwa jina lake, na mtajeni jambo moja jema alilopewa yeye. Naye asikie.