Daftari la wiki: Vyote vinavyoanza na Sumb-

Mvua zimeanza, na utani wa radi za kutumwa umeanza nazo. Mtumishi akipangiwa Sumbawanga, wenzake wa Dar es Salaam humuaga kama anakwenda vitani: ukikopa kwa Mfipa, lipa, jogoo wa mtu usimguse. Nimeuchoka. Jina lenyewe, kwa Kifipa, ni amri: sumba, tupa, wanga, uchawi. Mzigo huo uache nje ndipo uingie. Nchi nzima inaijua tafsiri hii, na bado inalisoma jina kama tangazo la biashara.

Mbishi mmoja wa kijiweni kwetu ana jibu: bango la "Usikojoe hapa" huwekwa panapokojolewa. Haya, amenipata kidogo. Lakini palipokojolewa ni wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa kamchape walipita vijiji vya Ufipa wakiwapa watu dawa na kuwataka wenye pembe na hirizi wazisalimishe. Mwanaanthropolojia Roy Willis alikuwa Ufipa miaka hiyo, na mwaka 1968 akachapisha makala juu yao. Kamchape haikuzaliwa hapa. Ndugu yake mkubwa, mchape, alikwisha kuzizungukia Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini miaka ya 1930. Na Sheria ya Uchawi ya 1928 ilitungwa kwa Tanganyika nzima, Dar es Salaam yenu ikiwemo. Waliokuwa na cha kutupa walikuwa wengi; sisi tulikiandika tu kwenye jina la mji.

Radi? Mji uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mlitaka ipige wapi?

Ila kuna mahali sicheki. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yale yalitiwa wekundu na moshi wa kuni. Utani wa wachawi ukifika huko, naomba nishuke.

Kusumbua hakuna undugu na Sumbawanga, ingawa wapiga debe wa stendi wanajitahidi kuuleta.

Wasumbwa wa Bukombe na Kahama nao hawatuhusu, lakini wana historia ya kuonea wivu. Msiri, aliyeifuata shaba hadi Katanga na kusimika dola yake Bunkeya, alikuwa Msumbwa. Msafara wa kikoloni wa Stairs ulimpiga risasi Desemba 1891. Jina lake hakuna anayelitania.

Nsumbu ni hifadhi ya Zambia, kusini mwa Ziwa Tanganyika, jirani kabisa. Tembo wake hawaulizwi habari za radi.

Sumbawa ni kisiwa cha Indonesia. Kimetuibia herufi saba za mwanzo. Mlima wake Tambora ulilipuka Aprili 1815, ukaua makumi ya maelfu ya watu, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Hakuna aliyesema wenyeji wameutuma.

Wanga wa Kiswahili cha shuleni, ule wa kwenye ugali, hatutupi. Aliyetoa amri ile bila shaka hakuwa na huu akilini. Mahindi ya Laela, mkoani kwetu, yangemgomea.

Lumbesa haianzi na Sumb-, lakini daftarini haikosi. Gunia limevikwa kofia, kofia imeshonewa kofia nyingine, na mkulima bado analipwa gunia moja.