Janga Likija Tena, Sheria Ilinde Nyumba na Ajira

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kafyu ya Covid-19 iliyoanza Machi 27, 2020 iliondolewa Oktoba 20, 2021, lakini yaliyotendeka gizani katika nyumba za Meru na Embu hayajatafutiwa dawa.

Safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa kuanzia Machi 25 hadi Agosti 1, 2020. Mbuga ya Meru, iliyojulikana duniani kwa sababu ya simba Elsa, ilikosa wageni kutoka ng'ambo, na Hifadhi ya Mwea huko Embu vivyo hivyo. Wapagazi wa Mlima Kenya, wapishi na madereva walirudi nyumbani mikono mitupu. Kukosa mshahara hakumpi mtu ruhusa ya kupiga mkewe. Hata hivyo, aliyezoea kupiga alifungiwa chumba kimoja na anaowapiga, na mama aliyetaka kukimbia saa mbili usiku aliogopa mume ndani na askari barabarani.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inamtaka polisi amsaidie mlalamishi kupata makao na matibabu. Lakini ilitungwa kwa siku za kawaida. Nao mswada wa kukabiliana na majanga uliofikishwa Seneti mwaka wa 2020 haukuwa sheria.

Meru inajua vyema kwamba sheria bila mtekelezaji ni karatasi tu. Mei 27, 2013 Mahakama Kuu mjini humo iliamua kuwa polisi walikiuka haki za wasichana waliodhulumiwa kimapenzi, kwa kutochunguza malalamishi yao ipasavyo.

Wabunge wetu basi watunge sheria ya majanga yenye mambo matatu. Kwanza, anayekimbia kipigo asihesabiwe mvunjaji wa kafyu. Pili, kituo cha kuwahifadhi waathiriwa kiwe huduma muhimu kama hospitali, na kaunti zikitengee fedha kabla janga halijafika. Tatu, sehemu ya ada za kuingia mbugani iwekwe akiba ya kuwasaidia wafanyakazi wa utalii wageni wanapokatika, na mke apokee fungu lake mwenyewe.

Msomaji, mwulize mbunge wako amefanya nini kuhusu haya. Kidonda cha nyumbani nacho ni ugonjwa, na kinga yake ni sheria inayotekelezwa.