PEMBE YA FAMILIA: Mbwa gani anafaa nyumba yenye watoto?

Familia zetu zinazokodi nyumba Kanyosha, kule kusini mwa Bujumbura, zinataka mbwa wa kufukuza wezi usiku. Wengi wanasema: tunataka mbwa mkali! Sisi tunasema hapana. Kwenye kiwanja kimoja munakaa familia tatu au nne, na anayepita mlangoni mara nyingi si mwizi, ni mtoto wa jirani. Mbwa wa kubweka anatosha.

Musiokote mbwa wa barabarani. Chukueni kitoto cha mbwa ambacho mama yake mumemuona kwa macho, na ni mpole kwa watu. Kiwe kimekaa na mama angalau wiki 8. Watoto wakikaribia, kije kunusa. Kikijificha ao kikitaka kung'ata, kiacheni.

Kikifika miezi 3, kipelekeni kwa daktari wa mifugo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hakuna pesa ya chanjo na chakula, bora musubiri.

Watoto nao wafundishwe: mbwa anayekula, anayelala ao anayenyonyesha haguswi. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa.

Mtoto aking'atwa, hata kidogo, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, halafu mbio kituo cha afya siku ile ile. Musingoje dalili. Kichaa kikishaonekana, karibu hakuna anayepona.