Shimo Jeusi Si Mmezaji Tu

Istilahi "shimo jeusi" imekwisha kuzoeleka katika Kiswahili, ila inaeleza nusu tu ya ukweli. Asikiaye "shimo" huwaza kumezwa, basi.

Kundi la galaksi la Perseus, lililo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 240, linaikanusha dhana hiyo. Limejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo hutoa eksirei, na kwa kuzitoa hupoteza joto. Lakini ile ya katikati haipoi kwa kasi inayotarajiwa. Kwa nini? Kandokando ya shimo jeusi la galaksi ya NGC 1275, maada hufyatuliwa kabla ya kumezwa, ikatoa mawimbi ya redio na kupuliza mapovu makubwa ndani ya gesi. Mwaka 2003, wanafalaki waliotumia darubini ya Chandra walitangaza kuona humo viwimbi vya sauti. Wengi wao wanashikilia kuwa nguvu hizo ndizo huirudishia gesi joto lake.

Mwanaistilahi, basi, asiridhike na kutafsiri jina. Jina bila maelezo huwaachia wasomaji wa Kiswahili msamiati wa sayansi pasi na sayansi yenyewe.